Imeli ya hela yako iko wapi? Chujio kali la spamu na namna ya kulilegeza

Wengi wetu tulio ughaibuni tunaishi kwa WhatsApp. Salamu za mama, picha za msingi wa nyumba, ugomvi wa kamati ya harusi, vyote viko huko. Imeli tunaiona kama kitu cha watu wa ofisini. Uliifungua siku ile unajaza fomu ya pasipoti, ukaandika nenosiri nyuma ya daftari, basi. Mpaka siku hela inakwama.

Kampuni za kutuma pesa, benki, saccos na hata serikali zikiwa na jambo zito huandika imeli. Zinataka nakala ya kitambulisho kipya kwa sababu cha zamani kimeisha muda. Zinataka karatasi ya mshahara kuonyesha hela umeipata wapi. Zinakwambia jina la mpokeaji halilingani na lililo benki. Mara nyingi ujumbe huo unakuja na muda wake: jibu ndani ya siku kadhaa, la sivyo muamala unafutwa. Baadhi hutuma na SMS, lakini kwa namba uliyoandika siku ya kwanza, ambayo pengine ni laini ya Muscat uliyoitupa ulipohamia Doha. Ndiyo maana imeli, hata kama huipendi, ndiyo anwani pekee unayoibeba nchi hadi nchi.

Mwaka jana hapa Uingereza nilikaa na fundi plasta mmoja kumsaidia hesabu zake. Alikuwa anamalizia kulipa kiwanja Kibaha. Alituma salio lote kwa mpigo, kiasi kikubwa kuliko alivyozoea kutuma, na kampuni ikasimamisha muamala ili aeleze chanzo cha fedha. Wakamwandikia mara tatu. Yeye alikuwa anatumia ile anwani ya bure inayokuja na intaneti ya nyumbani, na imeli zote tatu zilitupwa na chujio la mtoa huduma kwenye folda ya spamu. Siku ya kumi hela ikarudi kwenye akaunti yake. Hakuibiwa hata senti. Lakini muuzaji aliyeahidiwa Ijumaa alikuwa ameshamuuzia mtu mwingine. Nilimuuliza muuzaji alisema nini. "Aliniambia: kaka, sikulaumu, ila ulinyamaza."

Hapo hakuna mwizi. Kuna mashine iliyofanya kazi yake kupita kiasi, na upande mmoja haukujua kwamba umeandikiwa.

Kwa nini chujio linakuwa kali hivyo

Tulitendee haki kwanza. Karibu nusu ya imeli zote zinazotumwa duniani ni spamu. Google wenyewe wanasema Gmail inazuia karibu bilioni 15 za taka kila siku. Bila chujio, imeli ya benki yako ingekuwa punje moja ya mchele ndani ya gunia la pumba. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba dawa ni kuzima kila kitu.

Tabu ni kwamba mashine haimjui mhazini wa saccos yenu. Inapima kwa dalili.

Dalili ya kwanza ni utambulisho wa anayetuma. Wewe unayefanya kazi saiti utaelewa haraka: getini kuna mlinzi mwenye karatasi ya majina. Jina lako likikosekana kwenye karatasi, hata kama umebeba vifaa vya bosi mwenyewe, huingii. Kwenye imeli karatasi hiyo inaitwa SPF: mwenye anwani anatangaza ni seva zipi zina ruhusa ya kutuma kwa jina lake. Kuna na muhuri unaoonyesha kwamba barua haikuchezewa njiani, unaitwa DKIM. Halafu kuna DMARC, ambayo ni maagizo kwa mlinzi: asiye kwenye karatasi na asiye na muhuri afanywe nini, apite, awekwe pembeni au afukuzwe.

Zamani mambo haya yalikuwa ya hiari. Kuanzia Februari 2024 Google na Yahoo walikaza: kila anayetuma awe angalau na SPF au DKIM, na anayetuma imeli 5,000 au zaidi kwa siku awe na vyote vitatu. Microsoft wakafuata Mei 2025 kwa upande wa Outlook na Hotmail. Benki kubwa zina mafundi, zilijipanga. Lakini fikiria wanaoshika hela zetu kule nyumbani. Saccos ya wilaya. Wakili wa kiwanja. Shule ya bweni anakosoma mtoto. Tovuti yao ilitengenezwa na kijana wa jirani miaka kumi iliyopita, kijana sasa yuko Mwanza anauza spea, na hakuna aliyegusa mipangilio tangu siku hiyo. Barua zao ndizo zinazoanguka getini.

Dalili ya pili ni ujirani. Taasisi ndogo hukodi nafasi kwenye seva moja na mamia ya tovuti nyingine, kama vyumba vya kupanga vya uswahilini. Mpangaji mmoja akianza kutuma matangazo ya dawa za nguvu za kiume, anwani ya nyumba nzima inaingia kwenye orodha nyeusi. Zipo taasisi zinazotunza orodha hizo, na Spamhaus, iliyoanza mwaka 1998, ni moja ya zinazosikilizwa sana. Mtoa huduma wako wa intaneti akiiangalia orodha na kukuta nyumba hiyo imo, anafunga vyumba vyote, na chumba cha saccos yako kikiwemo.

Dalili ya tatu ni sura ya barua yenyewe. Kichwa cha herufi kubwa tupu. Neno "haraka" karibu na neno "malipo". Kiungo cha kubonyeza. PDF iliyofungwa kwa nenosiri, kama ile taarifa ya M-Pesa inayotumwa kwa imeli, ambayo mashine haiwezi kuchungulia ndani yake. Na hapa ndipo penye kejeli: matapeli wamenakili barua za kampuni za kutuma pesa kwa miaka mingi kiasi kwamba siku hizi barua halali ya pesa inafanana na ya tapeli kuliko barua nyingine yoyote.

Chujio lisilopimwa vizuri linaweza kufunga bara zima. Mwishoni mwa 2004 kampuni ya Verizon ya Marekani, ambayo wateja wake wa intaneti walipewa na anwani za imeli, ilianza kuzuia imeli nyingi zilizotoka Ulaya. Zilizuiwa mlangoni kabisa, hazikufika hata kwenye folda ya spamu, kwa hiyo mteja hakuwa na pa kuzitafuta. Wateja walikwenda mahakamani mwaka 2005, na mwaka uliofuata yakafikiwa makubaliano ya fidia, dola chache kwa kila mteja. Mimi kama mhasibu naitazama hesabu hiyo hivi: fidia ilikadiriwa kwa bei ya huduma ya intaneti, wala haikukadiriwa kwa dili iliyokufa kwa sababu jibu halikufika. Usitegemee mtoa huduma akulipie kiwanja.

Inapotelea wapi hasa

Kuna sehemu zaidi ya moja, na kila moja ina namna yake ya kutafutwa.

Folda ya spamu ndiyo rahisi. Kwenye Gmail ya simu bonyeza ile mistari mitatu juu kushoto, shuka chini, utaiona. Ujumbe unakaa humo siku 30, halafu unafutwa wenyewe na haurudi. Na ujue jambo hili ambalo wengi hawalijui: ukitafuta jina la benki kwenye kisanduku cha juu, Gmail haitafuti ndani ya spamu. Andika in:anywhere, acha nafasi, kisha jina la benki au kampuni. Hapo itapekua kila kona, hadi kwenye spamu na taka.

Sehemu ya pili ni mlangoni. Seva ya mtoa huduma wako inaikataa barua kabla haijaingia. Kwako hakuna kinachoonekana, hata upekue usiku kucha. Anayejua ni aliyetuma, kwa sababu anarudishiwa ujumbe wa Kiingereza wenye namba ya tarakimu tatu. Ikianza na 5, mfano 550, maana yake nimekataa moja kwa moja. Ikianza na 4 maana yake bado, jaribu tena baadaye, na mara nyingi seva hujaribu yenyewe. Karani wa saccos akiupata ujumbe huo anaufuta akidhani ni virusi. Muombe asiufute. Huo ndio ushahidi wako, na bila huo huduma kwa wateja watakuzungusha.

Sehemu ya tatu iliwakamata watu wengi, akiwemo yule fundi plasta. Anwani za watoa huduma wa intaneti mara nyingi huunganishwa kwenye simu kwa njia ya zamani iitwayo POP. Njia hiyo inashusha kisanduku cha kuingilia peke yake. Folda ya spamu inabaki kwenye tovuti ya mtoa huduma, simu haijui hata kama ipo. Unaweza kuangalia imeli kila asubuhi kwa miaka mitatu na usiione folda hiyo hata siku moja. Dawa ni kuingia kwenye tovuti yenyewe kwa kivinjari, au kubadilisha mpangilio wa simu uwe IMAP, ambayo inaonyesha folda zote.

Halafu kuna kosa ambalo chujio linasingiziwa bure. Google inakupa GB 15 bila malipo, kwa Gmail, picha na mafaili kwa pamoja. Tangu 2024, nakala ya akiba ya WhatsApp kwenye simu za Android nayo imeanza kuhesabiwa humo. Yaani video za mahubiri, za mpira na za kikundi cha ukoo zinajaza debe lile lile linalopokea imeli ya benki. Debe likijaa na kuachwa hivyo, imeli mpya zinarudishwa zilikotoka. Kabla hujalaumu chujio, fungua mipangilio ya akaunti uone umebakiza kiasi gani. Zima uhifadhi wa video kwenye nakala ya WhatsApp, hiyo hupunguza mzigo.

Na mwisho, mkono wa mtu. Dada zangu mlio kazi za ndani, hili ni lenu hasa. Wengi imeli zenu zilifunguliwa na wakala wa safari au kijana wa steshenari siku ya kujaza fomu, na namba ya kurejesha nenosiri ni yake. Mtu mwenye nenosiri lako anaweza kuweka kanuni ndogo ndani ya akaunti: kila kinachotoka benki kiende kwenye taka, au kitumwe kwake. Wewe utasema chujio kali, kumbe umefungwa dirisha. Ingia kwenye mipangilio ya Gmail kwa kompyuta, fungua ukurasa wa vichujio na ule wa kusambaza imeli. Ukikuta anwani usiyoijua, ifute, badilisha nenosiri, badilisha na namba ya kurejesha, siku hiyo hiyo. Akaunti ikiwa imefunguliwa na wakala kwa jina lake kabisa, usihangaike kuikarabati. Fungua yako mpya.

Kulifundisha chujio, bila kumfungulia mwizi

Ukiukuta ujumbe halali ndani ya spamu, usiusome tu ukaondoka. Bonyeza kitufe cha kusema hii si spamu. Kitendo hicho kinaurudisha kwenye kisanduku na pia kinaifundisha mashine. Kisha iweke anwani ya mtumaji kwenye majina yako ya mawasiliano. Ukitaka uhakika zaidi, tumia kompyuta, au fungua Gmail kwenye kivinjari cha simu kwa mwonekano wa kompyuta, kwa sababu programu ya simu haina sehemu hiyo. Tengeneza kichujio chako mwenyewe: andika anwani ya mtumaji, endelea, kisha weka alama pale panaposema isipelekwe kwenye spamu kamwe. Dakika tano. Fanya kwa benki, saccos, kampuni unayotumia kutuma pesa na shule ya mtoto.

Weka anwani kamili, au ile sehemu ya baada ya alama ya @ kama ni ya taasisi yenyewe. Usiweke kamwe gmail.com nzima kwa sababu mhazini wenu anatumia Gmail. Utakuwa umewafungulia mlango watumiaji wote wa Gmail duniani.

Sasa tahadhari, na hapa naomba uende polepole. Folda ya spamu ni chumba ambamo barua yako halali imelala kitanda kimoja na majambazi. Humo kuna Western Union ya uongo, urithi wa mjane wa jenerali, kazi ya kulea wazee Kanada inayotaka ada ya viza leo. Mtu anayeingia humo akiwa na wasiwasi wa hela yake iliyokwama ndiye windo zuri kuliko wote, kwa sababu yuko tayari kuamini ujumbe wowote unaosema "muamala wako umesimamishwa".

Kwa hiyo ujumbe wa pesa ukiuona kwenye spamu, uchukue kama fununu. Usibonyeze kiungo, usitume pasipoti kwa kujibu imeli hiyo. Ifunge. Fungua programu ya kampuni iliyo kwenye simu yako, au andika mwenyewe anwani ya tovuti yao, ingia kwenye akaunti. Kama kweli wanataka karatasi, ombi litakuwepo humo ndani, na sehemu ya kupakia itakuwepo. Lisipokuwepo, piga simu kwa namba iliyo kwenye programu, wala si iliyo kwenye imeli. Na usidanganyike na ule muhuri wa DKIM niliousema. Tapeli aliyejisajilia anwani yake mwenyewe naye ana muhuri halali. Muhuri unathibitisha barua imetoka kwa aliyejitaja, hauthibitishi kwamba aliyejitaja ni mwema.

Anwani ya mtoa huduma: ibakize kwa mambo madogo

Kama unatumia anwani ya kampuni ya intaneti, ingia kwenye tovuti yao uangalie mipangilio ya spamu. Wengi wana ngazi: kali, ya kati, au ya kuweka alama bila kuhamisha. Chagua ya kuweka alama. Lakini ujue kwamba mpangilio huo unahusu folda. Kile kinachokataliwa mlangoni wewe huna kitufe chake.

Hapo ndipo unapolalamika, na kulalamika kuna ufundi. Ukipiga simu useme "imeli zangu haziji", utaambiwa uzime modemu na uiwashe. Andika: tarehe na saa, anwani iliyotuma, anwani iliyopokea, na maneno yote ya ule ujumbe uliorudi na namba yake, kama ulivyo bila kufupisha. Kanuni za imeli duniani zinataka kila anayepokea imeli awe na anwani inayoanza na neno postmaster, kisha @ na jina lake. Mwambie aliyekataliwa aandike huko naye. Wakati mwingine malalamiko ya mtumaji yanasikilizwa haraka kuliko ya mteja, kwa kuwa yeye ndiye anayezungumza lugha ya mafundi.

Ushauri wangu wa kweli, hata hivyo, ni kutoa mambo ya hela kwenye anwani hiyo. Sababu haiko kwenye chujio peke yake. Mkataba wa intaneti ukiisha, au ukihama nyumba, unaweza kupoteza anwani au kutakiwa kuilipia. Kampuni nyenyewe hujitoa: Verizon niliyoitaja juu iliacha biashara ya imeli mwaka 2017 na kuwahamishia wateja AOL. Anwani ya kazini ni mbaya zaidi, siku ukigombana na msimamizi imefungwa.

Ukihama, usifanye ujanja wa kuiamuru anwani ya zamani isambaze kila kitu kwenda mpya ukadhani umemaliza. Barua iliyosambazwa inafika ikiwa imebebwa na seva ambayo haimo kwenye karatasi ya mtumaji wa kwanza, na mlinzi wa pili anaitilia shaka. Unaweza kupoteza nyingi kuliko mwanzo. Badilisha anwani taasisi moja moja. Anza na kampuni za kutuma pesa, hizo ni rahisi, unabadilisha ndani ya programu. Fuata benki, na ujiandae kwamba ya nyumbani inaweza kutaka fomu yenye saini. Kisha serikali. Mkenya mwenye PIN ya KRA ahakikishe iTax ina anwani anayoishika, kwa sababu ukisahau nenosiri mwezi Juni ndipo jipya linakotumwa, na kuchelewa kuwasilisha ritani baada ya tarehe 30 Juni ni faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi unayodaiwa, ile iliyo kubwa. Wanaonunua hati fungani za serikali ya Kenya kupitia DhowCSD nao wasisubiri imeli: ombi likikubaliwa usipolipa kwa wakati, Benki Kuu inaweza kukusimamisha kwenye minada inayofuata. Ingia mwenyewe uangalie matokeo.

Ya zamani usiifunge mwaka mzima. Ipitie kila mwezi, utashangaa nani bado anakuandikia huko.

Daftari linashinda imeli

Kazini kwetu uhasibuni karatasi ambayo haikufika nayo ni taarifa. Mkaguzi huuliza kwanza kile ambacho kingepaswa kuwepo na hakipo. Fanya hivyo na hela yako. Kila unapotuma, andika tarehe, kiasi, namba ya kumbukumbu na siku uliyoahidiwa itafika. Siku hiyo ikipita kimya, usiseme labda kesho. Fungua programu. Kama umepumzishwa siku moja tu kwa wiki na simu unaishika siku hiyo, basi iwe siku ya kupitia spamu pia. Ukifanya kila wiki hakuna barua itakayofika siku ya 30 bila wewe kuiona.

Walioko Marekani wana sababu ya ziada ya kutunza risiti. Sheria ya huko inakupa dakika 30 baada ya kulipa kufuta muamala na kurudishiwa hela yote, ikiwa bado haijachukuliwa wala kuwekwa kwenye akaunti ya mpokeaji. Inakupa pia siku 180, kuanzia tarehe ya kupatikana kwa fedha iliyoandikwa kwenye risiti, kudai kosa. Risiti hiyo kwa wanaotuma kwa simu huja kwa imeli, na mara ngapi nimeikuta spamu. Ipige picha ya skrini ndani ya programu kabla hujafunga simu.

Kuhusu saccos yenu, mtumie mhazini ujumbe huu kwa WhatsApp, unakili kama ulivyo:

"Habari za kazi Mhazini. Imeli za chama hazinifikii, au zinaangukia spamu. Naomba mambo mawili. Kwanza, mkirudishiwa ujumbe wa Kiingereza baada ya kunitumia, msiufute, nitumieni picha yake. Pili, naomba fundi wa tovuti yetu ahakikishe anwani ya chama ina SPF, DKIM na DMARC, na aangalie kama seva yetu imo kwenye orodha nyeusi. Wanachama wengine walioko nje wanaweza kuwa na tatizo hili hili. Taarifa za gawio na mikutano naomba nitumiwe pia hapa WhatsApp mpaka litakapotatuliwa. Asante."

Akijibu kwamba wao wanatuma na tatizo liko kwako, usibishane. Muombe aitume barua ile ile kwa Gmail ya mwanachama mwingine aliye nje, na kwa Yahoo ya mwingine. Ikianguka kote, mpelekee majibu hayo mwenyekiti kabla ya mkutano mkuu, maana notisi ya mkutano nayo inatumwa kwa imeli hiyo hiyo.